Kimya Tafadhali, Mashine Inasikiliza

Jumatatu, 3 Machi

Nimeuza ampli ya zamani. Imechukuliwa na fundi viatu wa kona, akaibeba begani huku anapiga mluzi. Mke wangu akauliza sasa televisheni tutaisikia vipi, maana spika zake zilikufa zamani na sauti yote ilipitia humo. Nikamwambia aache papara. Kabla ya Jumamosi kutakuwa na risiva mpya sebuleni. Siyo king'amuzi, nikamfafanulia, ni lile dubwana la kugawa sauti kwa spika zote: mbele, nyuma, ubavuni, mpaka darini. Akauliza nani anakaa darini. Mwanamke huyu!

Jumamosi saa kumi na moja jioni binti yetu anatoka kwenye televisheni. Kwaya ya shule, na yeye ndiye mwenye ubeti wa peke yake. Tunamwita Chiriku tangu hajaota meno. Walirekodi mwezi uliopita na wazazi hatukuruhusiwa kuingia studio, kwa hiyo hapa nyumbani hakuna aliyeusikia wimbo huo. Kuuimba mbele yetu hataki. Anasema nisubiri, nitashtuka. Nikamwahidi nitausikia kwa sauti ya maana.

Jumanne, 4 Machi

Dukani. Muuzaji nimembandika jina la Profesa, kwa sababu ya miwani na maneno. Risiva ni mbili. Nyeusi: nzito, sauti nene, lakini haijui mfumo mpya wa sauti. Ya rangi ya fedha: chaneli kumi na moja, za darini zikiwemo, inajua mfumo mpya na hata ule utakaokuja baada yake. Nikauliza huo utakaokuja unaitwaje. Akasema bado haujapewa jina. Nikasisimka mwili mzima! Nikachagua ya fedha. Kufika mlangoni nikasikia mteja mwingine anasema mfumo mpya umeshaanza kuzeeka. Nikarudi, nikachagua nyeusi. Profesa akavua miwani, akajisugua macho. Nikamwomba nikalale nifikirie.

Mama mkwe, aliyekuja kwetu kwa ajili ya Jumamosi hiyo hiyo, ameangalia taarifa ya habari bila sauti. Anasema waziri amejiuzulu. Nadhani alikuwa anapiga chafya.

Jumatano, 5 Machi

Mwanyumba kapiga simu. Huyu ni mume wa dada yake mke wangu, na ana risiva ya chaneli saba, ya siku nyingi, ambayo hachoki kuisifu. Kasikia kwamba tumebaki bubu. Kasema Jumamosi twende wote kwake, na kipindi atakirekodi kabisa, ni kubonyeza kitufe tu. Kitufe tu! Mtu ana chaneli saba anajiona kajenga ukumbi wa sinema.

Nikatoka uani na simu. Nikamwambia asihangaike, kipindi kimesogezwa hadi Jumapili saa tano asubuhi, aje yeye kwangu. Uongo mtupu. Ulinitoka wenyewe, laini kabisa. Mke wangu nikamwambia mwanyumba kapata safari. Basi Jumamosi watu watakaa kwangu, na Jumapili yeye atakuja kukuta wenzake bado wanasimulia.

Nilijiona mjanja mpaka wakati wa kula. Kisha roho ikanisuta kidogo. Nikanywa maji, ikapita.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenunua ya fedha. Kwa kusema kweli jana nilinunua nyeusi, leo nimeirudisha. Bosi alipita mezani kwangu ofisini akakuta kipeperushi cha risiva ndani ya jalada la malalamiko ya wateja wa maji. Nikajua kazi imekwisha. Kumbe akasema bila chaneli za darini ni kujisumbua bure! Bosi ni bosi. Profesa kaipokea nyeusi shingo upande.

Kitabu cha maelekezo ni kinene, lakini jambo moja nimelielewa. Kuna kipaza sauti kidogo, umbo la uyoga. Unakiweka kwenye kochi, mashine inalia tiii, inajisikiliza chumbani, inajipima na kujipanga. Sharti lake ni kimya kabisa. Nilipojaribu, Chiriku alikuwa jikoni anaosha vyombo huku anavumavuma wimbo. Nikamwambia nyamaza mwanangu, mashine inasikiliza. Akanyamaza.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui hata nianzie wapi.

Saa kumi waya zote tayari. Mama mkwe, mke wangu na Chiriku wamekaa sebuleni, wamependeza. Nikawasha kipimo. Mashine ikaandika: kelele zimezidi, rudia. Mama mkwe alikuwa kakohoa. Nikarudia. Friji ikanguruma. Nikachomoa friji. Nikarudia. Nikamwona mke wangu anapumua kwa nguvu, nikamwomba apumue kwa adabu. Hapo akasimama. Akauliza kwani kitu hiki hakiwezi kutoa sauti bila kujipima. Kinaweza! Lakini si sauti ya maana. Nikawatoa wote uani, nikawahakikishia nitawaita mapema. Chiriku akasema baba, usichelewe. Nikaapa.

Mashine hujipima mahali panane, kile kipaza sauti unakihamisha kila mara. Nilikuwa mahali pa saba nilipoona kwaya imejipanga kwenye kioo. Nikajiambia shule ni nyingi, yao haiwezi kuwa ya kwanza. Bado mahali pamoja tu. Kisha nikamwona. Mwanangu, hatua moja mbele ya wenzake, kafumba macho, anaimba kwa roho yake yote, na mimi sisikii hata neno. Mashine inalia tiii. Nikageuka. Chiriku mwenyewe alikuwa dirishani, anajitazama. Akafungua mdomo kuniita.

Nikaweka kidole mdomoni. Nikamwambia ssh.

Ee Mungu wangu, mwanangu mwenyewe! Walipoingia, wimbo ulikuwa umekwisha na studio nzima inapiga makofi. Wakati huo huo mashine ikamaliza kujipima na sauti ikafunguka. Sauti gani! Makofi yalitoka kila upande, mpaka darini. Mke wangu hakunigombeza, alikusanya vikombe tu. Afadhali angenigombeza. Mama mkwe akaenda kuchomeka friji. Chiriku akaingia chumbani kwake, akafunga mlango polepole.

Jumapili, 9 Machi

Saa nne na nusu mwanyumba akafika na familia nzima, wamevaa wakavalika, wamebeba keki. Wanataka viti vya mbele. Nilitamani ardhi ipasuke. Mke wangu akawaambia kipindi kilikuwa jana. Mwanyumba akanitazama, akaelewa. Akasema angejua, angekuwa amekirekodi. Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo linaloniuma.

Nikapiga simu kituo cha televisheni. Akapokea mlinzi. Kasema kipindi hicho hakirudiwi, ila yeye alikiona, na kuna mtoto mmoja aliimba mpaka yeye mlinzi akasahau kufunga geti. Nikamwomba anielezee ulivyokuwa huo wimbo. Akasema wimbo hauelezeki, ndugu yangu, ungeusikiliza.

Keki tumeila kimya. Kimya kizuri kabisa cha kujipimia mashine.

Najuta. Naandika tena: najuta. Sikutaka kingine chochote ila kumsikia mwanangu vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi kabla ya shule Chiriku kanifuata. Nadhani kanionea huruma. Kasema baba, usijali, nitakuimbia mwenyewe leo jioni, ubeti wangu wote. Machozi yakanitoka, sikuyaficha. Nikamkumbatia. Nikala kiapo kwamba hakuna tena mashine itakayokaa kati yangu na huyu mtoto.

Mchana nikapita dukani, kumsalimia Profesa tu. Katika mazungumzo kaniambia nyeusi ina tundu la kuchomeka kipaza sauti cha kuimbia, ya fedha haina. Mtu akiimbia humo, sauti inazunguka chumba kizima! Ile niliyoirudisha imeshapata mwenyewe, lakini Alhamisi inaingia nyingine. Nimeagiza. Hili siyo kosa lile lile. Hii ni mashine nyingine kabisa.

Jioni Chiriku akasimama mbele yangu, mikono nyuma, tayari. Nikamwambia asubiri mpaka Alhamisi, wimbo kama ule hauimbwi hivi hivi mkavu. Akaniangalia. Akasema sawa, baba.

Sasa yuko uani, anamwimbia bibi yake. Sauti inafika mpaka hapa nilipokaa. Nimefunga dirisha. Sitaki kuusikia nusunusu kabla mashine haijafika.