Marehemu wa Dongobesh

Jumatatu, 5 Juni 2006
Mungu yupo! Watu wa televisheni wamefika Katesh kurekodi mchezo wao. Miaka yote nachekesha harusi za Dongobesh kwa pilau na soda. Sasa basi! Mzee Margwe kaniambia wazi kwamba binti yake Restituta hataolewa na mtu anayelipwa pilau. Akiniona kwenye televisheni atafikiri upya. Nimemwambia Restituta avumilie. Kasema amezoea.

Alhamisi, 8 Juni
Nimepata nafasi! Marehemu. Sina neno hata moja. Abel, ambaye huniibia vichekesho, kapewa uchungaji wa kunizika, na maneno chungu nzima. Nimelazwa kwenye jeneza pale Nangwa. Nikapanga kufumbua jicho moja ili watu wacheke. Nilipofumbua, nzi akaingia. Mwongozaji kanifokea kwamba marehemu hatoi machozi.

Jumapili, 2 Julai
Wameonyesha leo. Kijiji kizima dukani kwa Sebastiani, mbele ya televisheni yake. Nimevaa tai. Jeneza likatokea, mimi ndani, nimetulia vizuri mno. Hakuna aliyecheka. Shangazi Philomena kapiga yowe. Benchi nimeachiwa peke yangu.

Jumanne, 4 Julai
Nimekwisha. Huku kwetu aliyeguswa na msiba hachangamani na watu mpaka atakaswe. Mimi ndiye msiba wenyewe! Nimewaeleza kwamba ni maigizo. Wamesema jeneza lilikuwa la kweli. Mama ananiwekea ugali nje ya mlango. Harusi zangu zote kachukua Abel, kwa kuwa yeye hakulala ndani ya jeneza. Nimemwamkia Mzee Margwe shikamoo. Kaitikia akiwa ng'ambo ya shamba, kisha akauliza nani aliwahi kumwozesha binti yake kwa maiti. Nimelia, na safari hii nzi hakuwepo.

Jumamosi, 8 Julai
Mama kachinja kondoo wake, naye hana mwingine. Nimetakaswa. Nimekula na watu bakuli moja, nikaona aibu ya furaha. Restituta kaja mwenyewe. Kasema baba yake amelainika, mradi niape kwamba siingii tena kwenye jeneza kabla ya siku yangu. Nimeapa mbele ya Mama.

Jumatatu, 10 Julai
Simu ya watu wa televisheni! Wanataka maiti tena. Wamesema hawajaona mtu anayetulia kama mimi. Nimekubali kabla hawajamaliza. Restituta ataelewa akiona, maana safari hii nakufa mwanzoni na kuzikwa mwishoni. Mchezo mzima nipo! Nimemuuliza Mama kama jirani anauza kondoo.