Malalamiko ya Kupewa Ufadhili Kisha Kuambiwa Nichague

Ganda, Malindi
Jumatano

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ufadhili wa Masomo ya Uzamili.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumai barua hii itakukuta umeshakunywa chai, maana ina uchungu kidogo. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili hapa Ganda. Mwezi uliopita kamati yako ilinipa ufadhili wa shahada ya uzamili ya fizikia, ili niingie katika kazi ya umeme wa jua na upepo. Nilishukuru, hata nikatokwa na machozi. Kisha nikafika kwenye mstari wa mwisho: nichague kozi moja kati ya saba mlizoziorodhesha, na nisipojibu kufikia Ijumaa, nafasi yangu atapewa anayenifuata, Bwana Odera. Kwa heshima na taadhima, ninalalamika.

1. Kozi zenu zote ni nzuri, na huu ni ukatili. Mngeweka moja nzuri na sita mbovu, ningekuwa nimejibu zamani. Asubuhi nasoma habari za upepo, najiona Magarini nikisimamisha minara. Kufika saa ya chai nimehamia kwenye betri. Jioni narudi nyumbani nikiwa bingwa wa mambo matatu ambayo sijayasomea.

2. Kozi ya kwanza kwenye orodha inamtaka mwanafunzi apande paa, afunge paneli kwa mikono yake na kupima umeme papo hapo. Mwenyekiti, mimi nina digrii. Nimefundisha somo la vitu vinavyoanguka kwa miaka mingi na ninajua vyema yanayompata mtu juu ya mabati. Kozi hiyo iondolewe, nibaki na sita za kunisumbua.

3. Mwanafizikia hakati shauri kabla ya kupata vipimo. Ili nijue ni kozi gani inayonifaa, sina budi kuzisoma zote hadi mwisho, kisha nizilinganishe. Naomba basi mnifadhili zote saba. Nikimaliza nitawajulisha ni ipi niliyopaswa kuanza nayo. Mwalimu Mwikali wa kemia, ambaye meza yake imepakana na yangu, anasema wakati huo nitakuwa nimeshastaafu. Watu wa kemia wana haraka sana.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mamangu, Bi Kahaso, anaishi Vitengeni, na umeme haujamfikia. Nilipoajiriwa nilimnunulia paneli ya sola, betri na nyaya zake. Fundi alipokuja kuifunga nilimfukuza. Nikamwambia Mama tusiifunge ovyo ovyo, angoje nikasome kwanza, nijue paneli ielekee wapi na ilale kwa pembe gani. Alikubali, kwa sababu alinisomesha kwa kulima mahindi na haamini kwamba mtu aliyesoma anaweza kukosa jibu. Basi paneli ikakaa. Siku za jua huitoa uani akaanika mahindi juu yake, asema yanakauka upesi kuliko mkekani. Jua lote la Vitengeni linaishia kwenye mahindi, na usiku Mama anawasha koroboi.

Simu yake huchajiwa sokoni, siku akipatikana mtu wa kuipeleka. Siku nyingine zote nikimpigia naambiwa mteja hapatikani. Juzi aliugua homa, akalala, akapona, ndipo nikapata habari. Niliumia sana, Mwenyekiti. Lakini wa kulaumiwa si mimi, mimi bado nachagua. Ni nyinyi na kozi zenu saba.

5. Kwa hivyo naomba kozi zote za aina hii zifungwe, nchini na ng'ambo, ibaki moja tu, nami nipelekwe huko bila kuulizwa. Ikiwa hilo litachukua muda, Bwana Odera naye asipewe nafasi yangu mpaka athibitishe kwamba ameteseka nilivyoteseka. Nasikia yeye alichagua siku ile ile aliyoipata orodha. Mtu wa namna hiyo tutamwaminije na umeme?

Nisalimie wajumbe wote, katibu aliyeichapa ile orodha, na mlinzi wa langoni ambaye kila nikija kuuliza hunionyesha ofisi, nami nikageuka nikaenda zangu.

Wako katika kusitasita,
Mwl. Ngala Kambi

Tanbihi: Tafadhali ichane barua hii na uniandikishe kozi ya kwanza, ile ya kupanda paa. Nilikuwa nafunga bahasha Mama akapiga simu. Nilishtuka, maana wiki hii hakuna aliyekwenda sokoni. Akaniambia mahindi yamekwisha kukauka, ameyatia guniani, akaiona paneli iko bure, akamwita yule fundi niliyemfukuza. Sasa iko juu ya mabati na taa inawaka. Nikamuuliza imeelekezwa wapi. Akasema imeelekea juu. Nimepiga hesabu, Mwenyekiti. Kwetu hapa karibu na ikweta, panapofaa ni huko huko juu, au kama amekosea, amekosea kidogo tu. Kisha akaniuliza kama nimeshachagua. Nikamwambia bado. Hakunicheka, na afadhali angenicheka. Alisema tu, "Basi ukishachagua nipigie, mwanangu. Mimi sasa napatikana."