Buti za Baba

Jumatatu, 3 Juni

Baba anaharisha tangu jana. Miguu baridi, kucha zimekuwa za buluu. Si jambo geni: tangu azeeke damu yake imekuwa vivu, haifiki vidoleni. Mtu mwingine angekimbilia zahanati. Mimi ni fundi viatu. Nimeinamia miguu ya watu maisha yangu yote, najua mambo yanapoanzia. Damu ikikataa kwenda miguuni inarudi tumboni, tumbo linajaa, linafungulia. Pasha miguu joto, tumbo litafunga. Rahisi! Sijui madaktari walisomea nini.

Dada yangu mkubwa asijue. Alishaapa: Baba akiugua tena mikononi mwangu, anamhamishia kwake. Nitabaki na nani humu? Mke alishakwenda zake. Baba ndiye pekee anayenisikiliza, hata kama mara nyingi huwa amesinzia.

Jumanne, 4 Juni

Nimeshona buti. Ngozi nene, kamba hadi magotini, ndani blanketi langu (nimelikata, basi), na pilipili ya unga kwenye soli. Kazi safi! Wazee wote wa mtaa watazitaka. Dada na cherehani yake watanikoma.

Baba amelalamika zinawasha. Nimemwambia ndiyo damu inaamka.

Kasoro moja. Buti ni nzito, hawezi kwenda nazo chooni, na kamba nilizikaza kifundi. Tumbo lilipomkata tukaanza kuzifungua. Tulikuwa bado kwenye buti la kushoto. Sisemi zaidi.

Ameomba maji. Nimempa vijiko viwili tu, maana akinywa zaidi atapata cha kuharisha. Alinitazama. Sikuupenda mtazamo ule.

Jumatano, 5 Juni

Baba hali chakula. Macho yameingia ndani. Sasa hata mikono imepoa. Nimemshonea glavu.

Usiku dada akaja na shati alilomshonea. Balaa! Nikafungua mkebe wa gundi kuua harufu, nikasimama mlangoni, macho makavu. Nikamwambia Baba amelala, ameshiba, ametoka kucheka sasa hivi. Akauliza mbona nina kijasho. Nikasema joto. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa sweta.

Alikuwa ameshageuka aende zake, ndani kukaanguka kitu. Baba alikuwa amejaribu kujimiminia maji mwenyewe, na glavu zake, akaangusha jagi. Dada akanisukuma kando. Tulimkuta sakafuni, anafyonza maji kutoka kwenye glavu.

Dada akapiga magoti, akamvua glavu na buti. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 6 Juni

Zahanati, mara ilipofunguliwa asubuhi. Muuguzi amembana Baba ngozi ya mkono, ngozi ikabaki imesimama. Akatundika dripu. Kisha akanieleza taratibu, kama ninavyowaeleza wateja wanaong'ang'ania viatu vidogo. Kuhara kumemkausha maji. Damu ikapungua, mwili ukaivuta kutoka mikononi na miguuni ili moyo usikose. Ule uvivu wa damu ni wa uzee, haukuleta kuhara. Kuhara ndiko kulikozidisha baridi. Dawa ilikuwa maji yenye chumvi na sukari tangu siku ya kwanza, kidogo kidogo, bila kukoma. Akasema tungengoja hadi jioni, tungekuwa tumemleta bure.

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikalia. Nilitaka nisinyang'anywe Baba. Hilo tu.

Ila buti zenyewe muuguzi hajaziona. Angeziona angeongea vingine.

Ijumaa, 7 Juni

Mkono wa Baba una joto! Nimeushika hadi dada akaniambia inatosha, mzee apumzike.

Anamchukua. Baba amemwomba kwa sauti ndogo anichukue na mimi, chumba cha nyuma kiko wazi. Dada akakubali, huku amenuna. Nimekataa. Mtu mzima, fundi, nikalale chumba cha vitambaa? Baba akageukia ukutani.

Jumapili, 9 Juni

Nyumba kimya. Nimesimulia jambo zima la mteja mkorofi, mwishoni nikakumbuka kitanda cha Baba ni kitupu.

Nimelala bila blanketi, miguu barafu. Na tumbo linaniendesha tangu asubuhi. Unaona? Miguu! Muuguzi yule ni binti mwenye adabu, lakini hajawahi kushona hata kandambili. Kosa lilikuwa pilipili, ilikuwa kidogo. Nimeongeza. Nimevaa buti, nimekaza kamba. Jagi nimelipandisha juu ya kabati nisije nikatamani.

Dada anabisha. Anasema Baba kamtuma aniletee chakula, na aniulize tena kuhusu chumba kile. Nimefungua mkebe wa gundi. Nimemjibu kwa sauti kubwa nikiwa humu humu kwamba mimi mzima kabisa, nimeshiba, nimetoka kucheka sasa hivi.

Aondoke upesi tu. Tumbo limeanza tena, na hizi kamba sioni nilifungia wapi.