Usukani Uliotoka Kongo

Jumatatu, 5 Agosti 1957
Ajali. Nilikuwa nikitoka Nzuguni, nikimthibitishia abiria wangu, karani wa posta, kwamba Wayunani wa kale walikula vibaya. Hoja ilihitaji mikono miwili. Kichuguu hakikungoja nimalize. Karani ameshuka akaenda zake kwa miguu, bila kushawishika.

Halfani, fundi wa nyuma ya stesheni, amelala chini ya Morisi yangu kuukuu na kutoa hukumu: raki imepinda, yaani kile chuma chenye meno kinachopeleka amri ya usukani kwenye magurudumu. Mpya itatoka Dar es Salaam, wiki mbili. Haiwezekani! Jumamosi saa sita naposa Buigiri kwa Mzee Nikodemo, baba yake Yudith. Nimemwandikia kurasa tatu kwamba nitafika kwa motokaa yangu mwenyewe. Amejibu kwa mstari mmoja: nisipofika, Jumatatu atamsikiliza Bwana Mifugo, ambaye naye anamposa Yudith.

Jumatano, 7 Agosti
Ushindi. Fakhruddin, mwenye duka la vyuma sokoni, anayo raki ya Morisi iliyokuja kwa treni ya Kigoma kutoka Kongo. Amekiri kwamba Kongo usukani hukaa kushoto. Kwa akili iliyopita Makerere, hilo ni jambo dogo. Nimemchorea Halfani kwa chaki juu ya boneti: chuma hicho kigeuzwe juu chini, kitaingia kulia. Amekubali kwamba kitaingia, lakini. Sikumpa nafasi ya kumaliza. Mwenye fikra haongozwi na lakini za watu.

Ijumaa, 9 Agosti
Kimeingia! Halfani amekataa kukigusa, nimekifunga mwenyewe kwa spana zake, saa tano nzima. Nimewasha. Nimekata kulia. Gari limekwenda kushoto, likabeba kamba ya nguo ya mkewe Emilia, pamoja na shuka mbili. Halfani hakucheka. Afadhali angecheka. Alifuta mikono taratibu.

“Ndiyo ile lakini yangu, Bwana Mwalimu.”

Muda wa kufungua upya haupo. Nimetafakari na kuona kwamba kosa si la gari, ni la mazoea. Nimejizoeza uwanja wa mpira hadi magharibi. Mbuzi wamenielewa kabla ya watu.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimefika Buigiri. Njiani watu walinipungia mikono. Sikuthubutu kuinua wangu. Kila nilipotaka kulia niliwaza kushoto, na mambo yalikwenda vizuri hadi uani kwa Mzee. Alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la kanisani, wazee wenzake wawili ubavuni, na nyuma yao Yudith, gauni la bluu.

Nikamwona Yudith. Nikakata kulia kama binadamu wa kawaida.

Morisi ilipinda kushoto, ikapasua ua wa miiba, ikasimama katikati ya zizi. Ng'ombe wote walitoka kwa tundu nililofungua. Nikashuka kwenye samadi na viatu vyangu vya mahafali, nikasema shikamoo. Mzee aliwatazama ng'ombe wakielekea kwenye mabua ya mtama ya jirani, kisha akanitazama mimi.

“Marahaba. Kijana, kwetu mchumba huleta ng'ombe. Wewe umekuja kuwatoa?”

Yudith alicheka hadi akaketi chini. Wazee wakafuata. Mwisho Mzee mwenyewe, ameshika nguzo ya mlango. Yudith nami tukashinda tukiswaga ng'ombe. Alinifundisha mluzi, nami nikamweleza asili ya neno hilo, bila kuulizwa. Ng'ombe wa mwisho alirudi jua likizama. Mzee akasema Bwana Mifugo amekuja hapa mara nne, na binti yake hajawahi kucheka hata mara moja. Nimekubaliwa!

Jumanne, 13 Agosti
Barua ya Mzee. Mahari ni ng'ombe kumi na wawili, mwezi Oktoba, kutoka kwetu hadi Buigiri, waswagwe kwa miguu na watu wanaojua kazi hiyo. Maneno “kwa miguu” ameyapigia mstari mara mbili.

Mzee ni mtu mwema, ila hajautafakari uchovu wa mnyama. Nimekwisha kuchora tela la kufunga nyuma ya Morisi. Ng'ombe wawili kila safari, safari sita. Nitawapakia wakitazama walikotoka, ili wasione barabara wakaogopa.