Mtaalamu wa Norfolk

Ijumaa, 9 Januari
Nimerudi Ibra kutoka Sur, kwa Bi Ghanima, mjane mwenye nyumba nzuri kule mtaa wa Aija na macho mazuri zaidi. Binti yake Alyaa anakwenda kusoma mwaka mmoja Norfolk, Uingereza, pamoja na mwanawe Taghreed, miaka saba. Bi Ghanima akauliza nani anaijua Norfolk. Yazeed, mwalimu wa jiografia, naye anamtaka Bi Ghanima kama nimtakavyo mimi, akafungua mdomo. Nikamuwahi! Nikasema nimekaa huko miezi sita. (Nilipita uwanja wa ndege wa London. Kwa saa mbili tu.) Nimekabidhiwa kumtafutia mtoto skuli. Furaha tupu!

Jumamosi, 10 Januari
Nasoma ramani tangu alfajiri. Norfolk: bahari kaskazini na mashariki, nchi tambarare kama sinia. Ina maziwa yaliyodhaniwa ni ya maumbile, kumbe watu walichimba udongo wa kuwashia moto, mashimo yakajaa maji. Hapo nimeelewa. Serikali ndiyo imenishinda. Baraza la kaunti. Chini yake mabaraza saba ya wilaya. Chini tena, mabaraza ya parokia, wala si ya kanisa! Wali wao, mkuu wa wilaya kama wetu huku, ni nani? Hakuna wali. Yupo Lodi Luteni, anamwakilisha mfalme. Si luteni. Haamrishi kitu. Kichwa kinaniuma.

Jumanne, 13 Januari
Baraza la mji wa Norwich limenijibu kwa adabu: wao huzoa taka, skuli ni kazi ya kaunti. Kaunti iko wapi? Norwich hapo hapo! Kumbe nimewaomba wazoa taka nafasi ya darasa!

Jumatano, 14 Januari
Nimepata njia ya mkato. Kuna aina ya skuli wanayoiita “skuli ya umma”. Ya serikali, basi, khalas! Nimeandikia moja, nikampigia simu Bi Ghanima. Amefurahi, amegawa halwa kwa majirani.

Alhamisi, 15 Januari
Skuli ya umma ni ya binafsi. Ya bweni. Ya matajiri. Kuanzia miaka kumi na mitatu. Waingereza hawa wazima kweli?

Ijumaa, 16 Januari
Sur. Yazeed akaniuliza mbele ya Bi Ghanima nilikaa mji gani. Nikasema Wymondham, herufi zote nikizitamka. Akasema wenyewe huuita Windam.
“Miezi sita, Marhun, na jina la mji wako hulijui?” akasema Bi Ghanima. “Mimi nampeleka mjukuu wangu ugenini, wewe unanichezea?”
Niliona haya, wallahi. Nikasema matamshi yamebadilika.
Yazeed kumbe aliandikia kaunti tangu Jumatatu.

Jumapili, 1 Februari
Taghreed amepata skuli. Yazeed ameposa, amekubaliwa. Nimeapa kusema kweli maisha yangu yote.
Leo Nizwa nimejulishwa kwa Bi Tamima, mjane, sauti kama asali. Mpwa wake anahamia Cornwall. Nikasema nimekaa huko. Akauliza kama kuna bahari, maana kijana hajui kuogelea. Nikamwambia hakuna hata tone.
Nimefungua ramani sasa hivi. Bahari pande tatu.
Kesho nitamwambia nilikaa upande wa nne.