Barua ya Harnley Iliyosomwa Vihingo

Wanangu, leo uso wangu nimeuacha Vihingo. Nimerudi Kibaha na kichwa tu.

Wengi humu mnanijua. Shaban wa chipsi, Maili Moja, yule wa jezi ya zambarau. Shule niliishia kidato cha pili (shule ndiyo iliondoka, mimi nilikuwa nimekaa palepale). Na ugonjwa wangu mnaujua: Harnley Town.

Kwa wageni wa grupu, Harnley ni timu ya Uingereza, daraja la nne huko chini kabisa. Hakuna kibanda umiza kinachoionyesha. Miaka miwili iliyopita nilichambua jezi yake kwenye mitumba, nikaipenda rangi, nikaitafuta kwenye simu, nikakuta ni wa pili kutoka mwisho. Nikawaonea huruma. Hiyo huruma ndiyo imenifikisha hapa.

Msimu huu wameanza kwa kufungwa mechi tano mfululizo. Mlinicheka mpaka wateja wakawa wanaagiza chipsi na pole. Mimi nikavumilia. Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni nilikuwa pale kwenye kikaango, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya tomato, inaandika mchezo dakika kwa dakika. Kona. Kadi ya njano. Kona tena. Mwezi wa kumi na moja wakaanza kushinda, na hawakuacha. Siku ya mwisho walitaka ushindi tu, na beki wa kushoto ambaye hajafunga goli tangu azaliwe akafunga dakika ya themanini na nane. Wakapanda daraja! Nilirusha mwiko juu, ukarudi kwenye mafuta. Alama ninayo mkononi.

Nikaamua kuwaandikia barua ya pongezi. Kurasa mbili, Kiswahili, kutoka moyoni. Jirani yangu mmoja ni mwalimu wa Kiingereza, akakubali kuigeuza na kuwatumia.

Sasa wiki hiyohiyo mambo ya Zaina nayo yakaiva. Zaina ni mchumba wangu, anashona nguo upande wa pili wa barabara, tunaonana kwa kuvuka tu. Kwao ni Vihingo, Kisarawe, Wazaramo. Mimi Mnyamwezi wa Nzega. Maana yake ni watani, na watani kutaniana ni haki yao hata msibani. Baba yake, Mzee Pazi, alikuwa hajawahi kuniona, lakini Zaina alinionya mapema kwamba mzee yule anaweza kuoza binti kwa maskini, kwa mtu wa mbali, hata kwa kiwete. Kwa muongo hatoi. Mmoja aliyeleta posa kabla yangu alidanganya kuhusu kazi, akarudishwa na barua yake haijafunguliwa. Na Zaina mwenyewe alisema kabisa, baba akikataa, yeye hatoroki na mtu.

Jana nikaandika barua ya posa, maneno akinitajia Mzee Kitwana, mshenga wangu, mstaafu wa ofisi ya mkoa na mtu wa mpangilio sana. Nikaenda kununua bahasha. Duka lilikuwa na aina moja tu, nyeupe, waridi kwenye kona. Nikachukua mbili. Mzee Kitwana alinikataza kuandika chochote juu ya bahasha ya posa, akasema jina la mkwe hutajwa kwa mdomo, halibandikwi kama bili ya maji. Ya Harnley nayo sikuiandika kitu kwa sababu anwani ya Uingereza siijui inaanzia wapi.

(Mnaona inakoelekea. Mimi sikuona.)

Leo asubuhi nikampitishia Mwalimu bahasha yake, nyingine nikampa Mzee Kitwana. Akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akaipakata kama mtoto mchanga.

Kwa desturi mwenye kuposa haendi. Anakaa nyumbani, anakunywa maji, anasubiri. Lakini aliyekuwa atuendeshee gari la kuazima aliamka na homa, na kijiweni kwetu hakuna mwingine mwenye leseni. Nikabaki mimi. Mzee Kitwana alifikiri mpaka tulipoacha lami, ndipo akatoa maelekezo.

"Kule wewe ni dereva. Dereva hana ukoo, hana maoni, na haulizwi habari za nyumbani."

Alishanikataza kuvaa kanzu, nisije nikafanana na mwenye shughuli. Kwa hiyo nikavaa jezi. Nani atamshuku dereva mwenye jezi?

Njiani simu iliita mara nne. Mwalimu. Mzee Kitwana hapendi simu kwenye gari, nikaacha iite. Baadaye mtandao wenyewe ukatuacha, tukabaki na vumbi na miti.

Tulipokelewa vizuri sana. Wazee watano barazani kwenye mkeka, katikati Mzee Pazi, mwembamba, ametulia, anatazama mtu kama anapima ubao. Nikatoa shikamoo kwa wote, nikaitikiwa marahaba kwa mkupuo. Mimi nikawekewa kigoda pembeni, karibu na banda la kuku, hatua kama sita kutoka kwao, nikaletewa chai na muhogo. Zaina alichungulia dirishani, akaniona, akaziba mdomo kwa khanga, akapotea.

Mzee Kitwana akaongea maneno yake mazuri, akakabidhi kitambaa. Mzee Pazi akakipokea kwa mikono miwili, akampa mdogo wake, Baba Mdogo Omari, asome, maana macho yake yeye yamechoka.

Hapo ndipo simu ikatetemeka mfukoni. Kumbe kwenye ile kona ya banda la kuku mtandao unafika. Ujumbe wa Mwalimu: "Shaban, hii uliyoniachia ni posa. Ya mpira iko wapi?"

Nikausoma tena, muhogo mdomoni.

Nikamtazama Mzee Kitwana. Alikuwa amefumba macho anasubiri kusikia maneno yake yakisomwa. Nikakohoa. Akafumbua jicho moja, akanionyesha kidole: dereva, tulia. Na bahasha ya posa ikishapokelewa hairudishwi, labda kwa kukataliwa. Nikatulia, wanangu. Ningefanyaje?

Baba Mdogo Omari ana sauti ya kuswalisha. Akaanza. "Kwa viongozi, wachezaji, na mama anayefua jezi, wote wa Harnley Town."

Mzee Kitwana akafumbua na jicho la pili.

Halafu Mzee Pazi akaanza kucheka polepole, mabega yanapanda na kushuka. Akawaambia wenzake kwamba hawa Wanyamwezi hawa, hata posa wanaleta na utani ndani yake. Baraza zima likacheka. Mzee Kitwana naye akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kama cha mtu anayeng'olewa jino. Omari akaambiwa aendelee, sasa watu wamekaa vizuri kusikiliza.

Akaendelea. Kwamba nimewapenda tangu wakiwa wa pili kutoka mwisho. Kwamba siku waliyofungwa nne sikula. Kwamba beki wao wa kushoto akija Tanzania, chipsi atakula bure maisha yake yote. Wazee wanajipiga mapaja. Mmoja akasema mkwe huyu atawachangamsha, msiba hautakuwa msiba akiwepo. Mimi pale kwenye kigoda nikaanza kupumua. Nikajiambia, Shaban, una bahati ya ajabu, utaoa kwa barua ya mpira.

Nikasahau ukurasa wa pili.

Omari akageuza karatasi, bado anatabasamu. "Nataka mjue nimejitolea sana kwa ajili yenu. Ile Jumamosi ya mechi na vinara, mchumba wangu alitaka twende kwao Vihingo kwenye harusi ya binamu yake, nikatambulishwe. Nikamwambia bibi yangu mzaa baba amefariki. Mkashinda mbili bila."

Tabasamu la Omari likaanza kupungua, lakini mdomo ulikuwa bado na mwendo.

"Siku ya mechi ya mwisho alitaka tena twende. Nikamwambia ni arobaini ya bibi. Mkapanda daraja. Kwa hiyo bibi yangu naye ana mchango wake kwenye ushindi huu, ingawa ni mzima wa afya na sasa hivi anavuna karanga Nzega."

Kuku mmoja alipita katikati ya baraza. Hakuna aliyemfukuza.

Mzee Pazi akauliza, kwa sauti ndogo sana, kama yule bibi ndiye huyuhuyu ambaye wao pale Vihingo walimsomea hitima. Mimi hitima sikuijua! Zaina alichoniambia ni kwamba wazazi wametoa pole. Kumbe walipika pilau, wakaalika majirani, wakamwombea bibi yangu alazwe mahali pema. Bibi ambaye asubuhi ya leo alinitumia ujumbe akiniomba viatu.

Mzee Kitwana alikuwa anatazama kitambaa chake. Nadhani alikuwa anatafuta kama kinatosha kujifunika uso.

Ndipo Mzee Pazi akanigeukia mimi. "Dereva, wewe unatoka naye sehemu moja. Huyu kijana ni mtu wa namna gani?"

Hapa ndipo palikuwa pa kusimama na kusema ukweli. Mlango ulifunguliwa kabisa, na taa imewashwa. Mimi nikasema, "Namfahamu kidogo tu, mzee. Ni kijana mchapakazi. Mtaratibu. Watu wanampenda." (Nilitaka kuongeza kwamba ana sura nzuri, nikajizuia.)

"Muongo?"

"Hapana, mzee. Labda siku hiyo aliteleza."

Akatikisa kichwa, akamwambia mdogo wake amalizie, desturi ni barua kusomwa mpaka jina la mwisho. Omari akarudi kwenye karatasi.

"Mkitaka kunitambua siku mkija, mimi navaa jezi yenu kila siku, ya zambarau yenye kola ya njano, namba kumi na nne, na mgongoni chini ya namba kuna tundu la pasi."

Macho ya baraza zima yakatembea kutoka kwenye karatasi, taratibu, mpaka kwenye kola yangu. Njano.

Mzee Pazi hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Dereva. Hebu geuka kidogo."

Wanangu, nimegeuka. Nimesimama nimeangalia kuku, mgongo kwa wakwe, nasikia mtu mzima anasoma kwa taratibu: "Kumi na nne." Halafu mwingine: "Na tundu lipo."

Nilipogeuka tena, Zaina alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Baba yake akamuuliza kama huyu ndiye. Akanitazama muda mrefu, kuanzia kandambili mpaka kwenye kola.

"Ndiye, baba. Ila leo naona aibu kumtambulisha. Sufuria la hitima nililisugua mimi."

Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Nikapiga magoti palepale, muhogo bado mkononi. Nikasema ukweli wote bila koma: kwamba nilidanganya, kwamba niliogopa wangeona mpira nimeuweka mbele yao, na ni kweli niliuweka, na kwamba nimekaa kwenye kigoda kile nikijisifia wakati ukweli umesomwa mbele yangu. Nikamwomba radhi Mzee Pazi, nikamwomba radhi Zaina, nikamwomba radhi na aliyepika pilau. Mzee Kitwana akasema taratibu kwamba yeye alikuja na mkwe wa kwenye karatasi nyingine.

Wazee wakainamiana, wakanong'ona. Mimi nimepiga magoti, miguu inakufa ganzi. Mwishowe Mzee Pazi akakunja barua ya Harnley vizuri, akairudisha kwenye bahasha yake yenye waridi.

"Posa yako sijaikataa," akasema, "kwa sababu sijaisoma. Na kwa utani, Mnyamwezi kumzika aliye hai namwachia. Lakini sisi tulimwombea mtu kwa moyo mmoja, na majirani zangu walikula wakasema amina. Siwezi kuwaambia kwa mdomo kwamba yu hai. Mlete. Akae hapa kwenye mkeka, wamwone, ale pilau yake mwenyewe. Barua ya posa ataileta yeye kwa mkono wake. Akifika, tutazungumza. Asipofika, nitajua amekufa kweli, na binti yangu atakuwa amesalimika."

Zaina akarudi ndani. Lakini kabla hajaingia, niliona mabega yake yanapanda na kushuka kama ya baba yake. Nimeshikilia hayo mabega njia nzima mpaka Kibaha. Tulipofika kwenye lami Mzee Kitwana akauliza kama Harnley nao watajibu.

Basi jamani, naombeni asicheke mtu. Hata wewe unayeandika "pole" huku umeziba mdomo, nakujua.

Nimempigia bibi Nzega muda huu, nimemwambia ajiandae, anakuja Pwani kupeleka posa ya mjukuu wake. Amepiga kigelegele. Akaniuliza kwa wasiwasi kama hao wakwe wa Kizaramo watamkaribisha, maana hawajawahi hata kumsikia.

Nimemjibu asihofu kabisa, watu wa Vihingo wanamwombea tangu mwezi wa tatu.