Nilivyowafichua Wezi wa Mchanga

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Syombua amesikika redioni tena! Juzi ni matuta ya shamba lake, leo ni miche ya mwarobaini. Jumamosi kikundi chetu cha maji kinachagua mwenyekiti kati yake na mimi, na jina langu halijasomwa hata kwenye salamu. Nikampigia Gakenia, mwandishi wa mazingira wa redio hiyo kule Kitui mjini. Nikampa habari ya miti niliyopanda. Akauliza iko wapi. Nikasema mbuzi walikula. Akasema basi hiyo ni habari ya mbuzi. Madharau!

Jumanne, 9 Septemba
Habari mpya: kinyonga asiyebadilika rangi. Nimemweka kwenye debe. Gakenia akauliza kama yuko hai. Sikuwa nimeangalia. Mke wangu Mbula naye anauliza ni debe gani. La unga. Nimelala njaa.

Jumatano, 10 Septemba
Mungu si Athumani! Wanawake wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, wamekuta kisima chao mtoni kimekauka. Kuna watu wamechota mchanga pale kwenye bwawa letu la mchanga, na mchanga ndio unaotushikia maji kiangazi chote. Alama za lori ziko wazi. Gakenia hakukata simu. Anakuja kesho!

Alhamisi, 11 Septemba
Nilivaa koti la harusi. Nikanguruma kwenye kinasa sauti: hawa ni maadui wa watoto wetu, watajwe majina! Gakenia akapendekeza tufuate alama za magurudumu. Nikatangulia. Zikakaribia kwa Syombua, moyo ukaruka. Zikapita. Zikaingia kanisani kwetu, mpaka kwenye msingi wa jengo jipya. Mlinzi, Mzee Kyule, akasema mchanga uliagizwa na mwenyekiti wa ujenzi. Gakenia akauliza ni nani huyo. Kyule akashangaa: "Si ni huyu umekuja na yeye?"

Mimi nilimwambia dereva alete mchanga msafi. Nani huuliza mchanga umetoka wapi? Na Jumapili nilimshukuru Mungu kwa huo mchanga, mbele ya watu wote!

Jumamosi, 13 Septemba
Syombua ndiye mwenyekiti. Nimeamriwa nirudishe mchanga mtoni kwa toroli. Redio imetangaza yote, pamoja na ile ya watajwe majina. Wakanitaja. Mbula akaongeza sauti.

Jumatatu, 15 Septemba
Mgongo umekwisha. Lakini watu wanasema nina sauti ya redio. Sawa, ni mmoja aliyesema. Nimempigia Gakenia nikiwa hapo hapo mtoni: kanisa la ng'ambo ya mto nao wanapiga plasta kwa mchanga wa wizi! Akauliza kama nina ushahidi. Ninao, tena wa kutosha. Lori la pili la mchanga huo niliwauzia mimi mwenyewe.